Nyota ndani ya soksi: babu yangu wa Malindi alifikaje Burma?

BintiShela, Malindi

Assalamu aleikum wenyeji, na nyinyi mlio mbali pia.

Nina swali, na nina haraka kidogo kwa sababu kuna mtu atarudi hapa kesho kutwa na pesa mkononi.

Wiki iliyopita tulikuwa tunaezua nyumba ya mama hapa Shela. Makuti yameoza, tunaweka mabati. Fundi akashusha kutoka juu ya boriti bati la biskuti la zamani, limeshika kutu mpaka kifuniko kikabanduliwa kwa bisibisi. Mama akalitambua kabla halijafika chini: "Hilo la baba." Ndani mlikuwa na risiti za kuuza korosho, kisu kisicho na mpini, karatasi zilizogandana kama chapati za jana, na soksi moja. Soksi, wallahi. Ndani ya soksi medali mbili na kipande cha kitambaa.

Medali ya kwanza ni nyota yenye ncha sita, rangi ya shaba. Katikati ina taji na herufi zilizosokotana, na kuzunguka pameandikwa Kiingereza, neno Burma likiwemo. Utepe wake umepauka lakini unaona wekundu katikati, buluu kandokando, na vistari vya rangi ya chungwa. Ya pili ni ya mviringo: upande mmoja kichwa cha mfalme, upande wa pili simba amesimama juu ya joka. Kitambaa kina kichwa cha kifaru.

Mimi babu nilimjua. Alifariki 1988 nikiwa darasa la tatu. Tulichoambiwa siku zote ni kwamba wakati wa vita alikuwa Mombasa, akipakia meli. Yeye mwenyewe hakusema neno. Ila alikuwa na mambo yake mawili. Mtu akimkera alimwita "effendi", hata awe mtoto. Na mvua ikinyesha watu wakalalamika, alisema: "Hii? Haya ni mate. Mvua iko Kabau." Sisi tukidhani Kabau ni kijiji huko Tana River.

Sasa maswali yangu. Mtu wa Malindi alifikaje Burma? Alikwenda kwa hiari yake au alishikwa? Na je, vita vyenyewe viligusa huku kwetu, au watu waliondoka tu kwenda kufa kwa wenzao? Anayetaka kununua ni mwuza vitu vya kale, ametoa 2,000 kwa zote mbili. Mama ananitazama mimi, nami nawatazama nyinyi.

---

ChumaChakavu

Uza dada. Elfu mbili ni unga. Babu hayupo, nyota hailiwi.

---

Mwalimu_Mstaafu, Majengo, Malindi

Wa aleikum salaam mwanangu. Nimefundisha historia miaka 31, na kabla sijasema lolote: rudisha medali ndani ya soksi, soksi ndani ya bati, na bati uvunguni mpaka umalize kunisoma.

Babu yako hakuwa kuli wa bandarini. Mombasa alipita tu. Nyota hiyo walipewa waliotumikia katika vita vya Burma, nchi ambayo leo inaitwa Myanmar. Kichwa cha kifaru ndiyo alama ya begani ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Ni kifaru mnyama, si kifaru cha mizinga. Nakuona utaanza kutangaza mtaani kwamba babu aliendesha kifaru. Simba na joka ni medali ya vita ya 1939–45 ambayo karibu kila aliyevaa sare alipata. Usisumbuke kutafuta jina lake juu ya nyota, Waingereza hawakuwachongea.

Na Kabau si Tana River. Ni bonde la Kabaw, mpakani mwa India na Burma. Wajapani walivunjwa Imphal na Kohima, upande wa India, mwaka 1944, wakaanza kurudi nyuma, na akatakiwa mtu wa kuwafuata katikati ya msimu wa mvua, wakati ambapo majeshi ya kawaida hujificha. Ikatumwa Divisheni ya 11. Walitokea mji wa Tamu mwezi wa Agosti wakashuka na bonde. Barabara ilikuwa uji. Lori likizama leo, kesho unaona kioo tu. Chakula na risasi viliangushwa na ndege kwa miavuli. Malaria ya bonde lile ilikuwa kali hivi kwamba askari walimezeshwa vidonge vya mepakrini kila siku, ngozi zikageuka manjano. Novemba wakafika Kalemyo. Desemba wakafika Kalewa, ukingoni mwa mto Chindwin, wakavuka huku wakipigwa. Nyuma yao mainjinia wakatandika daraja la chuma la Bailey, likielea juu ya mashua zilizopangwa safu, urefu futi 1,154, yaani kama mita 350. Wakati huo lilihesabiwa kuwa refu kuliko yote ya aina yake.

Kwa hiyo mzee aliposema mvua yetu ni mate, hakuwa akipiga domo.

"Effendi" ndivyo askari wa keya, yaani KAR (King's African Rifles), jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, walivyowaita maofisa wao. Na hapa niruhusu nitoke njiani kidogo, maana jambo hili huwa linanichekesha. Maofisa wa Kizungu walifundishwa Kiswahili cha jeshi, walichokiita Kikar: hakina ngeli, hakina adabu, ni amri tupu. Sasa mtoto wa Malindi aliyelelewa kwa "tafadhali" na "niwie radhi" anasimama kwenye mstari, anaambiwa kwa Kiswahili chake mwenyewe kilichovunjwa mbavu kwamba hajui kusikia. Nadhani ndiyo maana neno hilo alibaki nalo la kutukania watu.

Kuhusu hiari: lilikuwapo lote. Wengine walifuata mshahara. Wengine, chifu aliambiwa alete vijana kadhaa, naye akaleta wale asiowapenda. Kenya ilitoa Waafrika karibu 98,000 katika vita hivyo vya pili. Si wote walishika bunduki. Wapo waliochimba barabara, waliobeba machela, waliopika, waliotengeneza simu za waya. Kabla ya Burma walikuwa wameshapita Somalia na Uhabeshi mwaka 1941, na Madagaska mwaka 1942. Babu yako nadhani alikuwa askari wa miguu wa keya, kwa jinsi alivyoisema mvua.

---

Guida_wa_Casuarina, Malindi

Mwalimu shikamoo. Wewe umekwenda Burma, mimi niacheni hapa hapa ufukweni, maana dada aliuliza kama vita vilifika kwetu.

Vilifika, na vilikuja kwa ndege. Mimi natembeza wageni, na wageni wangu tisa kwa kumi ni Waitaliano. Nimejifunza lugha yao nikiwa na miaka kumi na mitano, nikiuza vinyago. Mtu akitua Malindi leo anaona mikahawa ya piza, aiskrimu, wazee wa Kitaliano wamevaa kikoi wanabishana na muuza samaki kwa Kigiriama. Basi huwa nawafikisha kwenye nguzo ya Vasco da Gama, nawaacha wapige picha, halafu nawaambia: Oktoba 1940 ndege za babu zenu ziliangusha mabomu kwenye mji huu.

Hunyamaza. Mmoja aliniuliza, "Kwa nini Malindi, palikuwa na nini?" Nikamwambia swali hilo sisi ndio tulikuwa tukikusubiri ulijibu wewe.

Tusisahau mpaka ulivyokuwa. Italia iliingia vitani tarehe 10 Juni 1940, na wakati huo ilishika Uhabeshi, Eritrea na Somalia. Yaani kaskazini yetu yote ni yeye. Julai wakachukua Moyale. Mtu wa Malindi au wa Lamu hakuwa nyuma ya vita. Kismayu si mbali na Kiunga. Ndiyo maana majeshi ya Waingereza yalipojikusanya yakatokea Garissa na Bura, wakaingia Kismayu katikati ya Februari 1941, Mogadishu tarehe 25 mwezi huo huo, na Addis Ababa tarehe 6 Aprili. Mwendo ule hata matatu za Mombasa zisingeufikia.

Mateka wa Kitaliano wakaletwa Kenya kwa maelfu. Ukishuka bonde la Ufa kuelekea Mai Mahiu, kale kakanisa kadogo pembeni mwa barabara ni wao walikajenga mwaka 1942, walipokuwa wanakata barabara hiyo. Kanaingia watu kumi na kidogo. Nilikasimamia nikanunua mahindi ya kuchoma.

Ila mwalimu nina langu. Bibi yangu mzaa baba alikuwa na kaka aliyepanda meli Kilindini akiwa jeshini, ikawa basi. Hakuna barua, hakuna kaburi. Bibi alisema "bahari ilimla" nasi tukachukulia ni maneno ya wazee.

---

Mwalimu_Mstaafu

Huenda si maneno ya wazee. Tarehe 5 Februari 1944 msafara wa meli ulitoka Mombasa kwenda Colombo. Mojawapo ni Khedive Ismail, imebeba watu zaidi ya 1,500, wengi wao wakiwa Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi wa kike. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldives, manowari ya Kijapani ikaipiga kwa torpedo. Ilizama kwa dakika chache sana, hata mtu aliyekuwa chini akistarehe hakupata ngazi. Waliokufa ni 1,297. Na kuna jambo ambalo darasani nilikuwa nalipita haraka: manowari ile ilijificha chini ya walionusurika waliokuwa wakielea, na meli za Kiingereza zikatupa mabomu ya majini hapo hapo kati yao ili kuizamisha. Ikazama.

Kama kaka wa bibi alikuwa wa mizinga, jina lake tafuta Nairobi, makaburi ya vita ya Ngong Road. Ndani yake mna ukuta wa kumbukumbu wa Afrika Mashariki, na watu wa kikosi hicho wameandikwa pale kwa sababu bahari haina kaburi. Orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola iko pia kwenye mtandao, unatafuta kwa jina. Jaribu tahajia zote. Karani aliyeandika majina yetu aliandika alivyosikia, na hakusikia vizuri.

BintiShela, wewe usihangaike na orodha hiyo. Ni ya waliokufa. Wako alirudi.

---

Kadzo_wa_Ganda

Nimesoma yote nimenyamaza, lakini kuna mtu kaandika kwenye uzi mwingine kwamba huu ni "mchango wa Kenya katika vita vya dunia" na wengi mmempigia makofi. Mchango, ndugu zangu, ni kitu unachotoa harusini. Unaletewa kadi, unaona haya, unatoa. Hii ya wazee wetu haikuwa na kadi.

Twende vita vya kwanza. Mimi natoka Ganda, upande wa pili tu wa mji, na Mekatilili wa Menza mnayepigia picha sanamu yake pale bustanini hatukumjua kwenye kitabu. Mwaka 1913 serikali ilitaka vijana wa Kigiriama watoke wakafanye kazi, na ilitaka kodi. Mwanamke huyo mjane akazunguka akiapisha watu wasikubali. Wakamshika yeye na Wanje wa Mwadorikola, wakawapeleka Kisii. Januari 1914 wakatoroka, wakarudi kwa miguu. Chukua ramani upime Kisii na Malindi halafu uniambie kuhusu mwendo wa kuingia Addis Ababa.

Agosti 1914 serikali ikalipua Kaya Fungo, kaya takatifu ya Wagiriama, kwa baruti. Mwezi huo huo Uingereza na Ujerumani wanaanza kupigana, na Tanganyika ya Wajerumani iko hapo Vanga. Sasa vijana wanatakiwa zaidi, si wa mashamba tena bali wa kubeba mizigo ya jeshi. Wagiriama wakakataa, wakapigwa risasi, nyumba zikachomwa, mbuzi wakachukuliwa. Masharti ya amani yalikuwa faini ya rupia 100,000, kuhama ardhi yote ya kaskazini ya mto Sabaki, na kutoa wanaume 1,000 wa kubeba mizigo.

Wapagazi kama hao ndio waliitwa Kariakoo, kutoka Kiingereza "Carrier Corps", kikosi cha wabeba mizigo. Wapagazi wa vita vile waliokufa kwa hesabu ya serikali yenyewe wanapita 40,000, wengi si kwa risasi, ni kwa kuhara, homa na unga mbovu ambao matumbo yao hayakuuzoea. Halafu tunaita soko.

Simkosei adabu babu yako BintiShela. Yeye alipita, akarudi, Mungu amrehemu. Lakini mtu akikuuliza alikwenda kwa hiari, muulize nyumbani kwao walikuwa wanadaiwa nini mwaka huo.

---

ChumaChakavu

Kumbe tuko makini hivi. Nimefuta ushauri wangu. Usiuze.

---

Mwana_wa_Amu, Lamu

Sisi wa Amu hatuna nyota za kuonyesha, lakini niwape la jikoni, kwa sababu wanaume mkizungumza vita hamlitaji jiko.

Mchele wa pwani hii, kabla ya vita, sehemu kubwa ulikuwa unakuja kwa meli kutoka Burma. Burma hiyo hiyo ya nyota yenu. Wajapani waliingia Rangoon Machi 1942, mchele ukakatika kama uzi. Mwisho wa mwaka huo mvua zikakosekana bara, na 1943 ikawa njaa nchi nzima. Mahindi yakawa ya serikali, yanapimwa. Nguo nazo hazikuonekana. Bibi yangu aliolewa 1943, Langoni, na hadi anakufa alikuwa akisema kwa aibu kwamba harusi yake ilipikwa mtama. Mtama! Kwa watu wa Amu, ambao bila wali mgeni huondoka akasema hakula. Baba yake alitafuta pishi moja ya mchele kisiwa kizima akapata kibaba, akampikia bwana harusi peke yake, na huyo bwana harusi, yaani babu yangu, alikula akiwa ameinamisha kichwa. Leso alizovaa bibi zilikuwa za kuazima.

Kwa hiyo BintiShela, babu yako alikuwa kwenye matope kule ambako sufuria ya bibi yangu ilikuwa inapata mchele. Hawakujuana. Nimefikiri hili tangu asubuhi, mpaka nimeunguza maharagwe.

---

Guida_wa_Casuarina

Mwalimu, nimelipata jina. Herufi mbili zimegeuzwa kama ulivyosema, lakini kikosi ni 301 na tarehe ni 12 Februari 1944. Nimempigia baba. Alikaa kimya kwenye simu mpaka salio likaisha.

---

BintiShela

Jamani. Poleni kwa kuchelewa, tulikuwa na mafundi, na kaka Guida pole sana, mfikishie baba salamu zetu.

Jana usiku mama na mimi tulizilowesha zile karatasi zilizogandana kwenye maji ya uvuguvugu, tukazitenganisha kwa kijiko. Nyingi ni korosho tu. Moja ni cheti cha kuachiliwa jeshini, 1946, kina namba yake na alama ya dole gumba. Mwalimu, samahani, hukupata sawa hapo mwisho. Hakuwa askari wa miguu. Imeandikwa ni wa kikosi cha usafirishaji, dereva. Tabia: nzuri sana.

Mama alipokisoma alikaa chini kwenye mchanga. Kwa sababu babu alivyotoka huko alikuja kuendesha lori la korosho na pamba, Malindi hadi Garsen, na alikuwa na sifa moja mbaya: mvua ikianza, anasimamisha gari. Popote. Anazima injini, anaingia chini ya lori analala, na tajiri amkaripie mpaka achoke. Alifukuzwa kazi mara mbili kwa hilo. Mtaani wakimwita Mzee Jua. Mama anasema yeye alikuwa akimwonea haya shuleni, watoto wakimwimbia baba yake mwoga wa maji.

Jambo lingine amelikumbuka. Daraja la Sabaki mto ulipofurika, watu wote wa mji walikwenda kutazama, na yeye akambeba mama mabegani. Watu wanapiga yowe jinsi maji yalivyo mengi. Babu akatazama weee, akasema, "Mtoto huyu. Nimepita juu ya baba yake, daraja linatembea chini ya magurudumu." Mama alidhani ni ngano za kumtuliza asiogope. Nimempimia mita 350 za mwalimu kutoka mlango wetu: zinafika msikitini na kupita.

Kadzo, nimemuuliza mama swali lako, kwao walikuwa wanadaiwa nini. Amesema hajui mwaka, ila anajua kwamba babu alikuwa wa pili kuzaliwa na aliyemtangulia alikuwa tayari amefichwa Ganda kwa wajomba. Kwa hiyo huenda unapika na kupakua kwa watu waliomficha. Uliza huko.

Mwuza vitu vya kale amekuja leo baada ya alasiri, amepanda mpaka 6,000. Mama alikuwa akikaanga viazi karai, hakuinua macho. Amemuuzia bati, 300. Soksi tumebaki nayo.